Javier Báez na dola milioni 140 za Tigers: tuliliwa, au tulipewa tulichokinunua?

#1 Mwinyi_Lansing
Wakuu, salama? Leo naomba tulijadili hili la Báez, mchezaji wa besiboli wa Detroit Tigers, maana kila nikikutana na mtu mwenye kofia ya Tigers tunaishia kununiana.

Mwishoni mwa 2021 klabu ilimpa miaka 6 kwa dola milioni 140. Msimu wa kwanza alipiga .238 (yaani hiti, pigo la kumfikisha besi, kama 238 kwa kila nafasi 1,000) na homrani 17 (pigo la kumzungusha besi zote). Wa pili .222, homrani 9. Wa tatu .184, homrani 6, kisha upasuaji wa nyonga. Hapo sote tulishamsomea hitima. Msimu wa nne, 2025, mtu huyohuyo anakwenda Atlanta kwenye mechi ya nyota, tena anaanza, na mwaka anaumaliza na .257.

Mimi nasema hatukuibiwa. Jamaa tangu yuko Chicago Cubs ni mtu wa masika na kiangazi: akishika moto hakuna wa kumzima, ukizima hata kiberiti hakiwaki. Aliyemnunua alilijua hilo. Kosa la Al Avila, meneja mkuu wetu wa wakati huo, ni kulipa bei ya masika kwa mwaka mzima. Nipingeni.

#2 Chuma_cha_Pua
Siti ya mbele hii hapa. Mkuu, .184 si kiangazi, hilo ni jangwa. Yaani ukimpa nafasi tano za kupiga, hata moja hamalizi. Avila alinunua yule aliyebeba MVP (tuzo ya mchezaji bora) 2018 halafu kifurushi kilipofunguliwa akatoka mtu mwingine.

#3 Mtoto_wa_Wrigley
#2 rekebisha hapo, hakubeba. MVP ya Ligi ya Taifa 2018 ilikwenda kwa Christian Yelich wa Milwaukee, Báez akawa wa pili. Alipiga .290, homrani 34, na akaongoza ligi hiyo kwa kuleta alama, 111.

Niko Chicago miaka mingi, nimemwona tangu siku anaingia, Agosti 2014. Mechi yake ya kwanza kule Colorado, inningi (awamu ya mchezo) ya 12, akapiga homrani ya ushindi. Jiji lote likasema tumepata mtu. Hadi msimu unaisha alikuwa na .169, katolewa kwa straiki mara 95 katika mechi 52. Mjue basi kwamba tabia hii hakuipatia Detroit. Alikuja nayo kwenye begi.

#4 Kipemba_Muscat
Jamani mie nipo Muscat, hapa kazini tunaangalia kriketi na Wahindi na Wapakistani. Huko mtu anapiga mpaka atolewe. Kwenye huu mpira wenu ni auti ngapi hata zamu ibadilike? Na hilo rungu ni la mbao kweli au mnatutania?

#5 BiMkubwa77
@Kipemba_Muscat la mbao, tena likikatika vipande vinaruka mpaka kwa mrushaji. Karibu kijiweni.

#6 Hesabu_Haidanganyi
Ngoja niwamwagie mchanga kwenye kitumbua. Huo "moto" mnaousema mnaujuaje upo?

Chukua mpigaji wa .250, asiye na moto wala baridi, kila akisimama ana nafasi moja kati ya nne. Mpe nafasi 500 kwa msimu. Kwa hesabu tu, bila uchawi wowote, mtu huyo atapita mfululizo wa nafasi 15 au zaidi bila hiti mara moja au mbili kila mwaka. Anaweza kukaa siku nne bila kugusa kitu, magazeti yakaandika amefilisika, kumbe ni sarafu imeangukia mwenge mara nyingi.

Mwaka 1985 Gilovich, Vallone na Tversky walichambua mitupo ya kikapu, wakasema "mkono wa moto" ni macho ya watazamaji tu. Binadamu akiona vitatu vimefuatana anatunga hadithi. Kwa hiyo mwenye mada, masika na kiangazi chako naomba ushahidi.

#7 Kamaa_wa_Toledo
Hesabu wacha jokes. Huo utafiti umeshapingwa, Miller na Sanjurjo walionyesha njia yenyewe ya kuhesabu ilikuwa na kasoro, ikawa inaficha moto uliokuwepo. Hiyo imetoka 2018, wewe bado uko 1985 na kaseti.

Halafu enyewe, sarafu haiumwi mgongo.

#8 Hesabu_Haidanganyi
@Kamaa kasoro ilikuwepo, sikatai. Na moto walioupata wao si mdogo, hilo pia sikatai. Lakini bado ni kikapu. Kwenye besiboli kuna mtu wa upande wa pili anayekusoma na kubadilisha mpira anaokurushia, haya ni mambo mengine kabisa.

#9 BabaNeema_GR
Bandugu jambo. Miye niko Grand Rapids, Wakongo tuko wengi huku. Mutoto wangu alinivuta kwenye hii mambo, tunaendaka kuangalia Whitecaps pale Comstock Park, timu ya vijana ya Tigers, tiketi haikazi sana.

Hesabu amesema neno ya kweli bila kujua: wanamusoma. Kocha wa mutoto wangu aliwaonyesha video ya Báez ili wasimuige! Slaida (mpira wa kupinda) inatoka katikati, inakimbia nje, chini, kwenye udongo. Yeye anapiga. Tena anapiga kwa nguvu yote, kofia inaanguka. Ule mwaka wake mzuri, 2018, alipewa besi za bure (zile za kuacha mipira mubaya) 29 tu, msimu muzima. Ana macho nzuri, lakini roho haina subira. Warushaji wakilijua, wanakulisha udongo wiki tatu. Siku mmoja anasahau, anakurushia katikati, unaipeleka mbali, bantu wanasema moto umerudi. Moto haukurudi. Mrushaji alikosea.

#10 Mwinyi_Lansing
@BabaNeema_GR hapo umenifungua. Lakini kama ni hivyo, kwa nini 2018 warushaji hawakumjua? Alishakaa ligi kuu miaka minne. Na kumbukeni mkataba ulimpa ruhusa ya kujitoa baada ya 2022. Hakujitoa. Maana yake na yeye alijua soko limemsoma.

#11 Mtoto_wa_Wrigley
Baada ya 2023, si 2022. Na ni kweli hakujitoa. Ungekuwa wewe, umetoka kupiga .222 na kwenye karatasi kumebaki milioni 98, ungejitoa uende wapi? Kuuza mahindi?

#12 Chuma_cha_Pua
Tuziweke wazi basi. Milioni 20, 22, 25, 25, 24, 24. Miaka ya .184 na ya .257 inalipwa sawa, 25 na 25! Mechi za msimu ni 162, kwa milioni 24 ni kama dola laki moja na 48 elfu kila mechi, acheze asicheze, apige asipige. Ligi hii ukishasaini umesaini, ukimwacha unamlipa akiwa kwake Puerto Rico anakula mofongo. Bado 2026 moja tuachane.

#13 Kamaa_wa_Toledo
2026 NA 2027 boss. Umeandika tarakimu sita halafu umehesabu miaka mitano. Watu wa Michigan na hesabu 😂

#14 BiMkubwa77
Nina mfano wangu, msinicheke.

Nilikuwa na duka la nguo Kariakoo kabla sijaja huku. Nilikuwa na fundi mmoja, jina nalihifadhi. Wiki akiamka vizuri anashona magauni ya harusi hadi wateja wanalia. Wiki nyingine mikono yote miwili kushoto, pindo limekwenda Kigoma. Nikamwajiri kwa mshahara wa mwezi kwa sababu niliona gauni moja, moja tu, nikachanganyikiwa. Miezi mitatu nikawa namlipa huku natoa kazi kwa fundi wa jirani. Mume wangu akaniambia mlipe kwa nguo. Nikamwambia, akakataa, akaenda duka la pili, akapewa mshahara wa mwezi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu wa namna hiyo hakubali kulipwa kwa nguo kwa sababu anajijua. Na siku zote kuna mwenye duka ambaye ameliona lile gauni moja.

#15 Mwinyi_Lansing
😂😂 Pindo limekwenda Kigoma. Bi Mkubwa asante, umemaliza.

#16 Hesabu_Haidanganyi
Hajamaliza. Fundi wa mwezi na wa nguo, sawa, lakini mnamwonea Báez kwa kuwa hamkumwona Chris Davis. Baltimore, Januari 2016, miaka 7, milioni 161. Huyo 2013 alipiga homrani 53, 2015 akapiga 47. Baada ya mkataba, mwaka 2018 akapiga .168. Kisha kuanzia Septemba 2018 hadi Aprili 2019 akasimama nafasi 54 rasmi bila hiti hata moja, rekodi ya ligi kwa mchezaji asiye mrushaji. Alipoipata hatimaye, Boston, wachezaji wenzake walishangilia kama wamechukua ubingwa. Alistaafu 2021 na kuna malipo aliyoahirishiwa ambayo Baltimore wanaendelea kuyatoa mpaka 2037.

Hiyo ndiyo hasara. Báez ni mkopo wa jirani.

#17 Chuma_cha_Pua
Kwa hiyo nyumba yangu ikiungua nusu nishukuru kwa sababu ya jirani imeungua yote? Na Mr Sarafu, hiyo 54 nayo ni mwenge?

#18 Hesabu_Haidanganyi
Hiyo hapana. Davis alikuwa amekwisha. Sikusema watu hawazeeki.

#19 Mwana_Azania
Wazee shikamooni, wengine mambo. Mimi nimeucheza, Azania Sekondari, pale Wajapani walipotujengea uwanja. Watu wakipita nje wanadhani tunafanya mazoezi ya kufukuza wezi.

Mnazungumza macho, moto, sarafu. Mimi nawaambia nyonga. Kupiga ule mpira si mikono, nguvu inatoka mguuni, inapita nyongani, ndiyo inafika kwenye gongo. Nyonga ikigoma unaanza kuzungusha mabega mapema ili uwahi, na ukiwahi mabega huwezi kusubiri kuona slaida inakwenda wapi. Kwa hiyo mtu anayeonekana hana subira anaweza kuwa hana nyonga. Báez alilalamika mgongo wa chini mwaka mzima wa 2024, akafanyiwa upasuaji wa nyonga ya kulia. Mwaka uliofuata kapanda kutoka .184 mpaka .257. Mnataka nini tena?

#20 BabaNeema_GR
@Mwana_Azania sawa, lakini udongo alikuwa anaupiga tangu akiwa mutoto wa miaka 21, nyonga ikiwa mupya kabisa. Soma #3.

#21 Mwana_Azania
Nimesoma. Basi viwili: roho yake na nyonga yake.

#22 Kamaa_wa_Toledo
Na kichwa? Toronto, Aprili 2023, mmesahau? Jamaa yuko kwenye besi, mpira unapigwa juu, yeye huyoo anakimbia kama amesahau stovu, mpira unadakwa, anatolewa naye. Alikuwa amesahau hesabu ya auti! Kocha A.J. Hinch akamtoa mechi ikiendelea. Mtu wa milioni 22 mwaka huo. Hiyo si mgongo, hiyo ni dharau.

#23 Kipemba_Muscat
Yakhe, ndio nikauliza mwanzo, ni auti ngapi?

#24 Mtoto_wa_Wrigley
@Kamaa hebu subiri. Mnasema hajui kuhesabu. Mei 2021, Pittsburgh, bado yuko Cubs. Auti mbili tayari. Kapiga mpira dhaifu kwa mlinzi wa besi ya tatu, ukarushwa besi ya kwanza, ukamvuta Will Craig, mlinzi wa besi hiyo, hatua kadhaa mbele. Craig kazi yake ni kurudi akanyage besi tu, inningi iishe. Báez akasimama, akageuka, akaanza kurudi alikotoka! Craig akamfuata kama mtoto anayefukuza kuku. Wakati huo mwenzake Contreras anakuja kutoka besi ya pili, Craig akashtuka akarusha nyumbani (besi ya mwisho), kachelewa, alama. Báez huyo akakimbilia besi ya kwanza, salama, tena mpira ukapotea akafika na ya pili.

Uwanja mzima, mtu pekee aliyeikumbuka hesabu ya auti siku ile alikuwa Javier Báez. Kwa hiyo akili ipo. Ni kama umeme wa kwetu, upo, ila una ratiba yake.

#25 BiMkubwa77
Nimeitafuta hiyo video sasa hivi, nimeiangalia mara sita. Jamani. Mimi ningemlipa kwa hiyo peke yake.

#26 Chuma_cha_Pua
Ndivyo Avila alivyofanya, Bi Mkubwa. Gauni moja.

#27 Mwinyi_Lansing
😂 Kapigwa na fundi wake mwenyewe.

#28 Njia_Panda_Ya_Flint
Nimepita nikaona moshi. Hamjagusa jambo moja. 2024 tulikuwa ushindi 55 kwa vipigo 63 mwezi wa nane, tukamaliza 86 kwa 76, tukaingia mtoano mara ya kwanza tangu 2014, tukawatoa Houston. Báez mechi yake ya mwisho mwaka huo ilikuwa Agosti, kisha kisu. Timu ilipaa yeye akiwa kitandani. Vijana wasio na jina wakakimbia wenyewe. Nani anabisha?

#29 Mwana_Azania
Nabisha mimi. Kuondoka kwake kulikwenda sambamba na mrushaji wetu Tarik Skubal kuwa Tarik Skubal. Jogoo kawika, jua limechomoza.

#30 Mwinyi_Lansing
@Njia_Panda na 2025 je? Meadows kaumia, Vierling kaumia, hatuna mtu wa uwanja wa kati wa nje. Nani kapelekwa kule? Mlinzi wa ndani aliyezoea kusimama kati ya besi ya pili na ya tatu (shotistopu) tangu utoto, mwenye Gold Glove (tuzo ya mlinzi bora) ya nafasi hiyo ya 2020. Hakununa. Mei 13 dhidi ya Boston, homrani ya watu watatu, kisha inningi ya 11 nyingine ya watu watatu, 10 kwa 9, mchezo umekwisha, nenda nyumbani. Mimi nilikuwa Comerica, uwanjani kwetu. Nilimkumbatia mzee wa Kipolandi nisiyemjua, akanimwagia bia.

Kwenye mechi ya nyota akaanza kama shotistopu wa ligi nzima, msisahau.

#31 Mtoto_wa_Wrigley
Akaanza uwanja wa nje, mkuu, pamoja na Judge na Riley Greene. Umetoka kuandika mwenyewe kwamba alihamishwa.

#32 Mwinyi_Lansing
Furaha, mkuu. Nimeteleza.

#33 Chuma_cha_Pua
Na huko kuanza kulitokana na kura za mashabiki. Nani alikuwa anapiga kura kila siku?

#34 Mwinyi_Lansing
...

#35 Chuma_cha_Pua
Nakuuliza.

#36 Mwinyi_Lansing
Mara tano kwa siku. Na barua pepe ya mke wangu.

#37 Hesabu_Haidanganyi
Na baada ya Atlanta? Gongo likapoa, na timu nzima ikapoa. Tulikuwa mbele ya Cleveland kwa mechi 15 na nusu mwezi Julai, wakatupita. Tukawatoa kwenye mtoano, sawa, kisha Seattle wakatufunga mechi ya tano kwa inningi 15. Mkisema Báez ana moto na baridi, basi Tigers wote wana nyonga mbovu.

#38 Njia_Panda_Ya_Flint
Mechi ya nne na Seattle alipiga homrani lakini. Haki yake tumpe.

#39 Kamaa_wa_Toledo
Kitu inaniuma mimi ni soko la wachezaji huru la mwaka ule. Seager alienda Texas miaka 10 milioni 325. Semien huko huko, 7 kwa 175. Correa alikuwa bado yuko sokoni. Sisi tukaenda kwa yule wa bei ya kati tukamlipa kuliko Trevor Story, ambaye alikuwa mtulivu zaidi.

#40 Mtoto_wa_Wrigley
Si kuliko. Story alisaini Boston Machi 2022, miaka 6, milioni 140. Sawa kwa sawa, mpaka senti. Na huyo mtulivu wako majeraha yalimla 2022, 2023 na 2024. Mwaka wa nne, 2025, homrani 25. Hadithi moja, jezi mbili.

#41 Kamaa_wa_Toledo
Eh. Hiyo sikuwa najua zilikuwa sawa.

#42 BiMkubwa77
Kumbe siku ile ya Mei walikuwa wanatazamana, milioni 140 upande huu na milioni 140 upande ule!

#43 Chuma_cha_Pua
Vyovyote. Mimi hofu yangu ni Skubal. Cy Young (tuzo ya mrushaji bora) 2024, Cy Young 2025, na baada ya msimu wa 2026 yuko huru. Wakija kutuambia hela hakuna, ile 24 ya 2027 nitaikumbuka kila siku.

#44 Njia_Panda_Ya_Flint
Skubal anataka hela za meli, si za mtumbwi. 24 haifikishi popote. Usimtwishe Báez mzigo wa mwenye timu.

#45 BabaNeema_GR
Mutoto wangu amesoma huu uzi wote pamoja nami, nikimutafsiria. Anasema mumekosea wote. Anasema Báez anapiga udongo kwa sababu inafurahisha. Nimemuuliza kocha wako atasema nini? Anasema kocha hajapiga homrani hata mmoja.

#46 Mwana_Azania
Mwambie dogo ajiunge, tunahitaji wachambuzi.

#47 Mwinyi_Lansing
Nimesoma yote. Nashikilia pale pale, ila nimeongeza nyonga. Chuma bado unasema jangwa?

#48 Chuma_cha_Pua
Jangwa lenye kisima kimoja. Nakunywa lakini nalalamika.

#49 Kipemba_Muscat
Naona mmemsema mwenzenu posti nzima kwa kusahau auti. Mie nimeuliza tangu namba nne, mara mbili, hakuna aliyenijibu. Mnazijua kweli?

#50 BiMkubwa77
😂😂😂 Tatu, mwanangu. Ni tatu.